Ghala kwanza, chama baadaye: wakulima wa ngano wa Saskatchewan na sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Juni hadi Septemba, mazungumzo ya vijiweni kati ya Mafinga na Tunduma hufanana. Mbolea ilikopwa. Mvua ilikuja vizuri. Mahindi yamejaa, na kwa sababu yamejaa bei imeanguka. Mwenye lori anataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, na anayekataa kujaza lumbesa anaachwa na magunia yake barabarani. Kisha mtu mmoja, mara nyingi mzee aliyewahi kuwa karani wa ushirika, anauliza: Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa na Ruvuma ndizo zinazoilisha nchi hii, kwa nini hatuna chama chetu cha siasa?

Swali hilo lisizimwe haraka kwa kuitwa ukabila. Wanaouliza hawadai chama cha Wahehe, Wabena, Wanyakyusa au Wanyiha. Wanadai chama cha watu wanaoishi kwa jembe, chenye sera za mrengo wa kati-kushoto: bei ya haki, mbolea inayofika kwa wakati, zahanati yenye dawa, serikali inayomwangalia mnyonge kabla ya tajiri. Chama cha namna hiyo kimewahi kuwapo duniani. Kilizaliwa na wakulima wa nafaka, mbali na bandari, katika eneo lililodharauliwa na wakubwa wa mjini, na kikatawala. Historia yake inajibu swali la mzee wetu, ingawa si kwa jibu analolitarajia.

Chama hicho ni Co-operative Commonwealth Federation, kwa kifupi CCF, na nyumbani kwake ni Saskatchewan, jimbo la ngano katikati ya Kanada. Kiliasisiwa Calgary mwaka 1932. Mwaka uliofuata kilikutana Regina, makao makuu ya Saskatchewan, na kutoa azimio lililoahidi kuung'oa ubepari. Tarehe 15 Juni 1944, chini ya Tommy Douglas, mchungaji wa Kibaptisti aliyezaliwa Scotland, kilitwaa viti 47 kati ya 52 vya bunge la jimbo. Ilikuwa serikali ya kwanza ya kisoshalisti katika Amerika Kaskazini, na walioiweka madarakani walikuwa wakulima wenye mashamba yao wenyewe. Mafundisho mengi ya siasa ya karne ile yalimwona mkulima mwenye ardhi yake kuwa mtu wa kuogopa usoshalisti. Saskatchewan ilikwenda kinyume na mafundisho hayo, na sababu yake inapatikana miaka ishirini kabla ya uchaguzi, kwenye maghala.

Katika miaka ya 1920 mkulima wa ngano wa kule alikuwa na malalamiko ambayo mtu wa Mbozi angeyatambua mara moja. Alivuna, akapeleka ngano kwenye ghala la kampuni kando ya reli, akapimiwa kwa mizani asiyoiamini, akapangiwa daraja la ubora na mtu anayelipwa na mnunuzi, akauza wakati wa mavuno kwa sababu alikuwa na deni, kisha akatazama bei ikipanda ngano ikiwa tayari mikononi mwa wengine. Mwaka 1923 wakulima walizunguka wilaya kwa wilaya wakisaini mikataba ya kupeleka mazao yao yote kwenye chombo kimoja cha pamoja. Mwaka 1924 kikazaliwa Saskatchewan Wheat Pool.

Mpango wake wa malipo tunaujua sisi tuliouza kahawa kupitia ushirika: malipo ya awali unapokabidhi zao, halafu malipo ya pili, halafu ya mwisho baada ya mauzo. Ila jambo ninalotaka lionekane ni mpango wake wa uongozi. Jimbo liligawanywa katika wilaya 16, kila wilaya ikagawanywa tena, na wakulima wakachagua wajumbe 160 wa kwenda kuisimamia menejimenti. Mjumbe alikuwa jirani yako. Alirudi kijijini na hesabu, akasimama mbele ya watu wanaojua idadi ya ng'ombe wake, akaulizwa. Ukijumlisha na bodi za shule, halmashauri ndogo za vijijini, kamati za simu na za hospitali, mwanasosholojia Seymour Martin Lipset alikadiria kuwa jimbo lile lilikuwa na nafasi za kuchaguliwa kati ya 40,000 na 60,000 zilizojazwa na wakulima wapatao 125,000. Nafasi moja kwa kila wakulima wawili au watatu. Watu walikuwa wamezoea kuendesha mkutano, kusoma mizania, kumwondoa kiongozi mvivu kwa kura na kubaki majirani kesho yake. Mazoea hayo yalikuwa yameshajengeka kabla hata jina la CCF halijatajwa.

Kisha likaja anguko. Mwaka 1929 Wheat Pool ililipa malipo ya awali ya dola 1 kwa busheli, na busheli ya ngano ni kama kilo 27. Bei ya dunia ikaporomoka, ushirika ukabaki na deni la benki ambalo ulilipa kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 1932 busheli iliuzwa chini ya senti 40 huko Winnipeg, maana yake gunia la kilo 100 halikufika dola moja na nusu. Ukame ukaongezea. Mwaka 1937 wastani wa mavuno ya jimbo zima ulishuka chini ya busheli 3 kwa ekari, yaani ekari nzima haikujaza hata gunia moja. Anayelima Ismani kwenye mwaka wa jua kali anajua maana ya namba hiyo.

Ushirika peke yake haukuweza kupambana na bei ya dunia, sheria za benki na nauli ya reli. Hapo ndipo wakulima walewale, kupitia umoja wao, wakaungana na chama kidogo cha wafanyakazi wa mjini mwaka 1932, wakaunda kundi la siasa lililokuja kuwa CCF ya Saskatchewan. Siasa ilikuja ushirika ulipofika mwisho wa uwezo wake. Watu hawakuhamasishwa kutoka jukwaani wajiunge na kitu kipya; walikuwa na kitu chao, wakakipeleka hatua moja mbele.

Na wakakosea mapema, kwenye jambo linalotugusa sana: ardhi. Kwa kuona mashamba yakinyang'anywa na mabenki, chama kipya kilipendekeza mkulima mwenye deni aihamishie serikali hati yake, apewe haki ya kulitumia shamba maisha yake yote bila kuogopa mnada. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini wapinzani walizunguka vijijini wakisema hawa wanataka kuwanyang'anya ardhi, na wahamiaji waliokimbia mabwana wenye ardhi wa Ulaya Mashariki hawakuhitaji kushawishiwa mara mbili. Mwaka 1934 chama kilipata viti 5 tu. Wajumbe walirudi kwenye mikutano ya matawi, wakasikia, na kabla ya uchaguzi wa 1938 pendekezo lile likawa limefutwa. Viti vikawa 10. Walipoingia madarakani walipitisha sheria iliyoilinda ekari 160 yenye nyumba ya familia isinyang'anywe na mdai, hati ikabaki kabatini kwa mkulima. Sijui jambo jingine katika historia ya chama hicho lenye uzito kama hili: kiliacha fundisho lake kubwa kwa sababu wanachama wake walikuwa na mahali pa kulikataa, na walipolikataa walisikilizwa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, hivyo nitayapita upesi. Bima ya serikali ya magari. Tamko la haki za binadamu la mwaka 1947, la kwanza Kanada. Umeme uliofikishwa kwenye makumi ya maelfu ya mashamba kuanzia sheria ya 1949. Viwanda vya serikali vya viatu na sufu vilivyoshindwa, wakavifunga bila kuviomboleza. Waziri wa fedha, Clarence Fines, alisimamia bajeti kwa ukali uliowashangaza mabenki, kwa kuwa Douglas aliamini serikali inayodaiwa na matajiri haiwezi kuwatumikia maskini. Viongozi wetu wanaojiita wa mrengo wa kushoto wangepaswa kulibandika hilo ukutani.

Kwenye afya inafaa kukaa kidogo, kwa sababu hapo chama kiligusa maisha ya kila nyumba. Jambo hilo halikuanza na Douglas. Tangu 1916 sheria ya jimbo iliziruhusu halmashauri ndogo za vijijini kutoza kodi yao wenyewe ili kumlipa daktari mshahara, na halmashauri jirani kuungana kujenga hospitali. Wakulima walikuwa wakifanya hivyo kwa miaka thelathini. Serikali ya CCF ilichukua kitu ambacho vijiji vimeshakijaribu, ikakieneza. Januari 1947 ilianza bima ya hospitali kwa kila mkazi: dola 5 kwa mtu kwa mwaka, na familia haikuzidi dola 30. Tarehe 1 Julai 1962, Woodrow Lloyd akiwa waziri mkuu wa jimbo, ikaanza bima ya matibabu yote ya daktari, dola 24 kwa familia kwa mwaka.

Siku hiyohiyo madaktari wengi waligoma. Mgomo ulidumu siku 23. Magazeti na wafanyabiashara waliisakama serikali, madaktari kutoka Uingereza wakaletwa kwa ndege kuziba pengo, na mkutano mkubwa uliopangwa kuiangusha sera mbele ya bunge la Regina ulihudhuriwa na watu wachache mno kuliko ilivyotangazwa. Wakati huo wananchi wa Saskatoon, Regina na Prince Albert walianzisha kliniki zao za ushirika na kuajiri madaktari wenyewe. Kliniki hizo ndizo zilizoipa serikali mgongo wa kuegemea, maana hakuna waziri anayeweza kuhimili mgomo wa madaktari kwa hotuba. Ndani ya miaka michache mpango wa jimbo hilo dogo ukawa sheria ya Kanada nzima. Mwaka 1964 CCF ilishindwa uchaguzi. Bima ilibaki, na hata walioishinda hawakuthubutu kuifuta.

Historia hii ina doa, na asiyelitaja anaipamba. Mashamba yale yalikuwa ardhi ya wenyeji wa asili, wakiwamo Wacree, waliosukumiwa kwenye maeneo ya kutengewa baada ya mikataba ya miaka ya 1870. Ushirika wa walowezi ulijengwa juu ya ardhi hiyo. Wenyeji hao walipata kura ya jimbo mwaka 1960 tu, chini ya Douglas, ikiwa ni miaka 16 baada ya chama chake kuingia madarakani. Chama cha usawa kilichelewa kuwaona waliokuwa karibu nacho kuliko wote.

Turudi nyumbani. Je, sheria inaturuhusu chama kama hicho? Hairuhusu. Sheria ya Vyama vya Siasa Na. 5 ya 1992, iliyokuja baada ya Tume ya Nyalali kupendekeza vyama vingi, inamkataza Msajili kusajili chama kinachokusudia kufanya kazi katika sehemu moja tu ya Jamhuri ya Muungano. Kwa masharti yake ya awali, usajili kamili ulitaka wanachama wasiopungua 200 kutoka kila mkoa katika mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake ikiwa Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Waliotunga masharti hayo walikuwa na hofu ya kweli. Walikuwa wameona majirani wakigawanyika kwa makabila na majimbo, na walitoka kwenye taifa lililojengwa kwa jasho lisigawanyike. Nawaheshimu kwa hofu hiyo.

Lakini hata sheria ingeruhusu, chama cha Nyanda za Juu kisingekuwa na cha kutawala. Saskatchewan ina bunge lake, kodi yake, wizara yake ya afya. CCF haikuwahi kuitawala Kanada hata siku moja. Ilitawala mahali pake, ikafanya jambo moja vizuri, na taifa likaiga. Mbeya haina bunge. Mkuu wa mkoa anateuliwa, mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa, bajeti ya halmashauri inategemea Hazina. Chama kikitwaa viti vyote vya ubunge kuanzia Kilolo hadi Sumbawanga kitakuwa na sauti kubwa Dodoma bila kuwa na uwezo wa kupanga hata bei ya mfuko mmoja wa mbolea ya UREA.

Tena tumeshaonja kitu kinachokaribia. Katika uchaguzi wa 2010 na wa 2015 miji ya Mbeya na Iringa ilichagua wabunge wa CHADEMA, na wimbi likafika pia Tunduma na Mbozi. Yalikuwa mahali pa moto kisiasa. Anayekumbuka mikutano ya viwanja vya Ruanda-Nzovwe anajua. Ila ule ulikuwa moto wa mijini, wa vijana wa sokoni na bodaboda, na haukuwa na uhusiano wa kudumu na wanaolima. Sikuona chama chochote kikikaa na wanachama wa chama cha msingi cha ushirika kusoma nao hesabu zao. Vyama vyote, kile kinachotawala na vinavyokipinga, vilifika kijijini na mabango vikaondoka na kura. Maneno ya kushoto hatukuyakosa: Katiba ya CCM bado inataja ujamaa na kujitegemea, na ACT-Wazalendo mwaka 2015 ilitoa Azimio la Tabora kuuhuisha ujamaa. Kilichokosekana ni ghala lililo chini ya maneno hayo.

Na ghala tulikuwa nalo. Hapa ndipo ninapoumia ninapoisoma historia ya Saskatchewan, kwa sababu sisi hatukuanza nyuma sana. Ushirika wa Ngoni-Matengo wa wakulima wa tumbaku, Songea, ulisajiliwa mwaka 1936, wakati CCF ikiwa bado na wabunge wake watano. Rungwe walikuwa na ushirika wa kahawa na mpunga kabla ya uhuru. TANU yenyewe ilipata nguvu kubwa vijijini kupitia watu wa ushirika. Paul Bomani alitoka kwenye ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa akaja kuwa waziri wa fedha. Chama kilizaliwa kwa sehemu na ushirika, kama kule.

Kisha mtoto akamgeukia mzazi. Ruvuma walikuwa na Ruvuma Development Association, RDA, iliyoanzia Litowa kwa vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga. Vijiji vilijiunga kwa hiari, vikalima pamoja, vikawa na mashine ya kusaga, karakana na shule waliyoiendesha wenyewe. Mwalimu Nyerere aliwapenda. Andiko lake la 1967 kuhusu ujamaa vijijini lina harufu ya Litowa. Lakini vijiji vinavyojiamulia vilikuwa vigumu kwa viongozi wa mkoa na wa chama waliozoea kutoa amri. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA. Mali zake zikachukuliwa, walimu na wataalamu wake wakatawanywa. Chama kilichotangaza ujamaa kiliua ujamaa pekee uliokuwa umeota wenyewe, na kilifanya hivyo hapa, katika nyanda zetu.

Miaka miwili baadaye ikaja Ismani. Wakulima wakubwa wa mahindi waliofungua mapori kwa matrekta walitakiwa waingie katika vijiji vya ujamaa na mashamba ya pamoja. Siku ya Krismasi ya 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alikwenda shambani kwa Said Mwamwindi, na Mwamwindi akampiga risasi akafa. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa. Watu wawili wakapotea juu ya ekari za mahindi. Weka tukio hilo karibu na lile pendekezo la hati za mashamba la 1934 kule Saskatchewan. Hofu ilikuwa ileile, ya mkulima anayeona serikali ikiikaribia ardhi yake. Kule kulikuwa na mkutano wa tawi wa kuikataa sera, ikafa kwa kura. Ismani hapakuwa na mkutano wa namna hiyo.

Mei 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika nchini vilifutwa kwa amri. Ni kweli kulikuwa na wizi. Tume ya Rais ya mwaka 1966 ilishauonyesha, na wazee wanawakumbuka makatibu waliojenga nyumba kwa fedha za wakulima. Dawa ya wizi, hata hivyo, ni wanachama kumwondoa mwizi. Kumwondolea mwanachama chama chake kunamfundisha kwamba hajui kuchagua. Mahindi yakanunuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, kwa bei moja nchi nzima, na mbolea ikatolewa ruzuku. Lazima nikiri kwamba bei hiyo moja iliifaa mikoa yetu iliyo mbali na Dar es Salaam kuliko wengine. Ndiyo iliyotufanya ghala la taifa. Tulipewa soko bila kupewa usemi ndani yake. Miaka ya 1980 na 1990 ilipoondoa bei moja na ruzuku, hapakuwa na chombo cha mkulima cha kusimama mlangoni na kusema ngoja kwanza.

Ushirika ulirudishwa kisheria mwaka 1982 na kupewa uhuru zaidi wa kujiendesha mwaka 1991, lakini kizazi kizima kilikuwa kimekwisha kujifunza kusubiri. Tazama namna zuio la kuuza mahindi nje lilivyotangazwa 2008, 2011 na 2017. Linatangazwa Dodoma au Dar es Salaam mkulima akiwa na magunia stoo, kwa ajili ya kuwalinda walaji wa mjini, na anayelipa gharama ya ulinzi huo ni mwenye magunia. Labda miaka mingine zuio lilihitajika. Mkulima wa Vwawa hakuwa chumbani lilipoamuliwa, wala hapakuwa na mjumbe wake wa kurudi kumweleza kwa nini.

Sasa mwisho wa hadithi ya Kanada, kwa kuwa inathibitisha hoja kwa upande wa pili. Mwaka 1961 CCF iliungana na vyama vya wafanyakazi na kuwa New Democratic Party, NDP. Iliendelea kushinda Saskatchewan: Allan Blakeney alitawala kuanzia 1971 hadi 1982, akataifisha sehemu kubwa ya migodi ya potashi, madini yanayotengenezewa mbolea. Pia alianzisha benki ya ardhi, serikali ikinunua mashamba ya wazee na kuwakodisha vijana, na hofu ya 1934 ikaamka upya. Mwaka 1982 chama kilibaki na viti 9 kati ya 64. Kilirudi 1991 kikakuta hazina karibu kufilisika, na mwaka 1993 kikazifunga au kuzibadilisha hospitali ndogo 52 za vijijini. Chama kilichoasisi bima ya afya kilifunga hospitali za watu waliokiasisi. Vijiji havikusamehe.

Wakati huohuo Wheat Pool yenyewe iligeuzwa kampuni, hisa zake zikaanza kuuzwa soko la hisa la Toronto mwaka 1996. Baadaye ikawa Viterra, na mwaka 2012 ikanunuliwa na kampuni ya Glencore ya Uswisi. Mikutano ya wajumbe ilikwisha. Mashamba yalikuwa makubwa zaidi, watu walihamia mijini, reli ndogo ziling'olewa. Sababu ni nyingi, na mtu anaweza kubishana nami kuhusu ipi ilitangulia. Ila matokeo yako wazi. Katika uchaguzi wa 2024 NDP ilipata viti 27 kati ya 61: vyote vya jiji la Regina, vyote isipokuwa kimoja vya Saskatoon, na viwili vya kaskazini ya mbali. Kwenye ukanda wa ngano, kulikozaliwa chama, haikupata hata kimoja. Jina la chama lilibaki, ofisi zilibaki, kumbukumbu ya Douglas ilibaki. Ghala lilipouzwa, shamba lilikiacha chama.

Kwa hiyo mzee wetu wa kijiweni nimjibu hivi. Mzee wangu, chama cha wakulima hakianzi kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Kama kitaanza, kitaanzia kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, na AMCOS nyingi hapa kwetu ni mhuri, mizani na akaunti ya benki vinavyoshikwa na watu watano. Wanachama wanaitwa msimu wa mbolea ya ruzuku au wa stakabadhi ghalani, wanasaini, wanaondoka. Hesabu zinasomwa haraka jioni, giza likiingia, watu wakiwaza safari ya kurudi. Mrajisi wa vyama vya ushirika ana uwezo wa kuivunja bodi kabla wanachama hawajajifunza kuiondoa. Kuna vyama vizuri, hasa kwenye kahawa huko Mbozi na Mbinga, ambako mwanachama anajua daraja la kahawa yake lilivyouzwa mnadani, na tofauti ya watu wa huko kwenye mkutano wowote wa kijiji unaiona: wanauliza risiti.

Mahindi hayana kitu kama hicho, na mahindi ndiyo zao la wengi. Kazi ya kisiasa iliyo mbele yetu, kwa yeyote anayejiita wa kushoto katika nyanda hizi, awe na kadi ya kijani au ya rangi nyingine, ni kukaa miaka kadhaa kwenye vyama vya msingi vya mahindi: mizani inayomilikiwa na wanachama Igawa na Mlowo, lumbesa ikataliwe na kijiji kizima kwa siku moja, mjumbe anayechaguliwa kwa kila kitongoji na kurudi na hesabu kabla ya kupanda. Ni kazi isiyo na jukwaa wala bendera. Saskatchewan iliifanya kwa miaka minane kabla ya kufikiria chama na ishirini kabla ya kushinda, na ilikuwa haijavunjiwa ushirika wake hata mara moja.

Uchaguzi ujao wagombea watakuja tena na ahadi za mbolea na bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipita 2023 na ambayo bado inahitaji mtu wa kuisimamia zahanati kwa zahanati. Mimi nitamuuliza kila mmoja wao jambo moja: ni chama kipi cha msingi alichowahi kuhudhuria mkutano wake mkuu akiwa mwanachama wa kawaida, na hesabu zake za mwaka jana zilisemaje.